Mabaka ya Mwasho Yasiyokwisha: Sababu Zake na Tiba Yake

 

Katika miezi ya baridi, kuanzia Juni mpaka Agosti, maswali yanayotufikia kutoka kwa familia zetu zilizohamia Machakos aghalabu hufanana. Mama huuliza juu ya binti yake, mume huuliza juu ya mkewe. Ngozi huvimba mabaka, huwasha usiku kucha, asubuhi mabaka yametoweka, na jioni yamezuka mahali pengine. Wiki hupita, miezi hupita. Mgonjwa amekwisha kuacha mayai, samaki na maziwa. Amekwisha kuchomwa sindano hata amesahau idadi yake. Na nyumbani kumeanza kunong'onwa jina la jirani, la wifi, au la mke mwenza.

Tumeona ni wajibu wetu kulieleza jambo hili kwa urefu, kwa kuwa madhara makubwa ya maradhi haya mara nyingi hayatoki kwenye ngozi yenyewe. Hutoka kwenye yale tunayoyafanya tukidhani kwamba twatibu: njaa ya kujitakia, sindano zisizo hesabu, na tuhuma juu ya watu wasio na hatia. Tiba yenyewe ni nyepesi kuliko vyote hivyo, lakini yataka subira na utaratibu.

Ni maradhi gani haya?

Waarabu huyaita sharaa. Wazungu waliyapa jina linalotokana na mmea wenye miiba midogo iwashayo, nasi wa pwani tutaelewa mara moja tukikumbuka upupu: palipogusa unga wake, ngozi huvimba papo hapo na mtu hukosa utulivu. Tofauti ni kwamba mgonjwa wa sharaa hakuguswa na upupu wowote. Mwili wake wenyewe ndio unaotoa kile kiwashacho.

Baka la maradhi haya lina alama zake. Limevimba juu ya ngozi, lina kingo zinazoonekana, na lawasha sana. Katika ngozi nyeupe huwa jekundu, lakini katika ngozi zetu nyeusi wekundu huo hauonekani vizuri. Baka huweza kuwa na rangi ileile ya ngozi au kuikoza kidogo, hata mtu akaambiwa hana kitu. Alama iliyo kubwa kuliko zote ni muda wake. Baka moja halidumu zaidi ya saa 24. Huzuka, hufifia, na likiondoka ngozi hubaki kama ilivyokuwa, bila kovu wala doa. Wengine pamoja na mabaka huvimba midomo, kope za macho, mikono au nyayo, na uvimbe huo wa ndani waweza kukaa mpaka siku tatu.

Mabaka haya yakija na kuondoka kabisa katika muda usiofika wiki sita, huitwa ya muda mfupi. Yakiendelea kuzuka kwa wiki sita au zaidi, karibu kila siku, hapo ndipo huitwa sugu. Katika kila watu watano, mmoja hivi hupatwa na mabaka ya muda mfupi angalau mara moja katika umri wake. Yaliyo sugu hupata takriban mtu mmoja katika kila mia, na wanawake hupatwa karibu mara mbili ya wanaume, hasa kati ya umri wa miaka 20 na 40. Huo ndio umri wa kuolewa, kuzaa na kulea, na ndiyo maana jambo hili huitikisa nyumba nzima.

Ni vyema kuyatenganisha na mengine. Harara ya joto ni vipele vidogo vya jasho, hukaa siku kadhaa mahali pamoja. Ukurutu hukausha ngozi na kuifanya ngumu, nao haupotei kwa siku moja. Ngozi iliyoharibiwa na piko ya harusi hutoa malengelenge palepale ilipopakwa, na yaweza kuacha alama kwa muda mrefu. Mabaka ya sharaa ni ya kuhamahama: leo mgongoni, kesho mapajani.

Na tuseme hapa mapema, kwa ajili ya nyumba nyingi: maradhi haya hayaambukizi. Hayapiti kwa kitanda, kwa taulo, kwa chombo cha kulia wala kwa kumnyonyesha mtoto. Mume hana sababu ya kuhama chumba.

Nini hutokea ndani ya ngozi?

Mwenyezi Mungu ameweka chini ya ngozi zetu askari wadogo, seli ziitwazo masti. Mwanachuoni wa Kijerumani Paul Ehrlich ndiye aliyezieleza na kuzipa jina katika miaka ya 1870. Kila seli imejaa vifuko, na ndani ya vifuko mna kitu kiitwacho histamini. Seli ikichokozwa, hufungua vifuko vyake. Histamini humwagika, mishipa midogo ya damu hutanuka na kuvuja maji, ngozi huvimba, na mishipa ya fahamu hupeleka habari ya mwasho kwenye ubongo.

Askari hawa wana kazi yao. Hushirikiana na kingamwili iitwayo IgE, iliyogunduliwa mwaka 1966 na mume na mke wa Kijapani, Kimishige na Teruko Ishizaka, walipokuwa wakifanya utafiti Marekani. IgE ni miongoni mwa silaha za mwili dhidi ya minyoo. Ukambani imechangia elimu hii: katika miaka ya 1980, katika kijiji cha Iietune na vinginevyo vya wilaya ya Machakos ya wakati ule, watafiti wa Kenya na wa Uingereza waliwatibu watoto wa shule kichocho cha tumbo, kisha wakawafuatilia kwa miaka ili wajue ni nani anayeambukizwa tena na ni nani ambaye mwili wake umejenga kinga.

Katika maradhi ya mabaka sugu, askari hawa hupiga king'ora bila adui kuwapo. Kwa wagonjwa wengi, mwili wenyewe umetengeneza kingamwili zinazozichokoza seli za masti moja kwa moja. Ndiyo kusema mwili umejigeuka. Haukutiwa sumu, damu haikuchafuka, na mgonjwa hakukosa usafi. Kwa kuwa chanzo ni hicho, wagonjwa hawa, na hasa wanawake, huwa na uwezekano mkubwa kuliko wengine wa kuwa pia na maradhi ya tezi ya shingo iitwayo thairoidi. Mwanamke mwenye mabaka sugu ambaye pia achoka upesi, anenepa bila sababu, ahisi baridi wakati wenzake hawahisi, au ambaye hedhi yake imebadilika, amweleze daktari ili tezi hiyo ipimwe.

Chakula si mshitakiwa mkuu

Hili ndilo swali la kwanza la kila mama: nimwachishe nini? Jibu la matabibu laweza kuwashangaza wengi. Mzio wa chakula kweli huleta mabaka, lakini ni yale ya muda mfupi. Huja dakika chache mpaka saa mbili hivi baada ya kula, kisha huondoka. Mwenye mzio wa karanga au kamba hupatwa kila alapo, naye mara nyingi hujijua. Mabaka yanayozuka kila siku kwa miezi, mtu akila hiki au asile, ni nadra sana kuwa sababu yake ni chakula.

Liko jambo la samaki ambalo wa pwani na wa bara hatuna budi kulijua. Jodari, nguru na jamii zao wakikaa joto bila barafu, vijidudu hutengeneza histamini ndani ya nyama yao, na kupika hakuiondoi. Aliyekula hupatwa na joto la uso, mabaka na kuumwa kichwa katika muda mfupi, akadhani ana mzio wa samaki milele. Hiyo ni sumu ya samaki aliyeharibika. Anayenunua samaki aliyesafirishwa toka Mombasa mpaka Machakos na aulize kuhusu barafu kabla ya kuuliza bei.

Basi mgonjwa asijinyime mayai, maziwa, samaki, nyama na matunda kwa kubahatisha. Tumesikia habari za wanawake wanaonyonyesha waliobaki na ugali na mboga tupu kwa miezi. Wakadhoofika wao, na mabaka yakabaki palepale. Ikiwa mgonjwa ashuku kitu fulani, aandike katika daftari kila alichokula na kila mabaka yalipozuka, kwa wiki mbili au tatu, kisha amwonyeshe daktari. Vipimo vya gharama vya orodha ndefu za vyakula, kwa mabaka sugu, aghalabu ni fedha zilizotupwa.

Mambo ambayo yajulikana kuyachochea mabaka ni mengine. La kwanza ni dawa za maumivu: aspirini, ibuprofeni, diklofenaki na jamii zake. Kati ya wagonjwa wa mabaka sugu, wako wengi ambao dawa hizi huwazidishia, na hawa ndio wanawake wanaomeza ibuprofeni kila mwezi kwa maumivu ya hedhi bila kujua. Kwa wengi wao, parasetamoli hufaa zaidi. La pili ni dawa za shinikizo la damu za jamii ya enalaprili, ambazo huweza kuvimbisha midomo na ulimi bila mabaka, hata baada ya miezi ya kuzitumia. Mwenye kuvimba hivyo amwone daktari upesi ili abadilishiwe. La tatu ni maambukizi na minyoo. Katika nchi zetu ni busara kupima choo na kutibu kinachoonekana. La nne ni huzuni, ghadhabu na kukosa usingizi. Haya huyazidisha mabaka, lakini haina maana kwamba mgonjwa ayazua kichwani mwake.

Baridi, joto, nguo, na swali la udhu

Wako wagonjwa ambao mabaka yao yana kichocheo cha wazi kutoka nje. Mwingine ukimkwaruza kwa ukucha, mstari huinuka kama maandishi. Mwingine huvimba pale alipobanwa: mkanda wa sketi, sidiria, mshipi wa mkoba, au nyayo baada ya kutembea. Kwa hawa, nguo pana na nyepesi ya pamba chini ya buibui ni nusu ya tiba. Na kuumikwa hakuwafai, kwani mvuto wa chuku huinua mabaka kwenye ngozi ya namna hiyo.

Mwingine hutoka vipele vidogo sana mwili ukipata joto na jasho. Huyu Mombasa humtaabisha zaidi. Na mwingine, kinyume chake, huvimba kwa baridi. Machakos iko juu ya mita 1,600 hivi kutoka usawa wa bahari, na asubuhi za Julai pale, maji ya mferejini huuma mifupa. Mtu aliyezaliwa Lamu au Likoni aweza kuishi miaka asijue kwamba ngozi yake haivumilii baridi, mpaka ahamie huko na kunyoosha mikono kwa udhu wa alfajiri.

Alama yake ni hii: baada ya kugusa maji baridi au upepo wa baridi, dakika chache baadaye, ngozi iliyoguswa huvimba na kuwasha, hasa inapoanza kupata joto tena. Daktari huthibitisha kwa kuweka kipande cha barafu kilichofungwa katika plastiki juu ya mkono kwa dakika tano, kisha kutazama. Mgonjwa wa namna hii asichukulie jambo kwa wepesi. Kinywaji cha barafu chaweza kumvimbisha ulimi. Kuzama mwili mzima katika maji baridi, mtoni, bwawani au baharini, kwaweza kumshusha shinikizo la damu akazimia majini. Asiogelee peke yake kamwe.

Na swala yake? Dini yetu haikuja kumdhuru mtu. La kwanza ni kuyapasha maji moto. Birika moja la maji vuguvugu usiku ndani ya chupa ya chai lamtosha kwa udhu wa alfajiri. Asipopata njia ya kuyapasha, na ikawa ajua kwa uzoefu au kwa neno la tabibu mwaminifu kwamba maji hayo yatamdhuru, basi tayamamu imewekwa kwa ajili ya mfano wake. Sahaba Amr bin al-As (r.a.), katika safari ya Dhat as-Salasil mwaka wa 8 Hijria, aliamka na janaba usiku wa baridi kali, akahofia nafsi yake, akatayamamu na kuwaswalisha wenzake. Habari zilipomfikia Mtume (s.a.w.) na Amr akaeleza sababu yake, Mtume alicheka na hakumkemea. Mwenye hali ya namna hii amwendee mwanachuoni wake ampe ufafanuzi wa hali yake mahsusi. Wala wazazi wasimlazimishe mtoto kuoga maji baridi kwa kumwambia kwamba ni uvivu.

Kuhusu husuda na uchawi

Sisi twaamini ghaibu, twaamini kwamba jicho ni haki, na twamsomea mgonjwa ruqya kama tulivyofundishwa. Lakini kuamini kuwapo kwa husuda ni jambo moja, na kumtaja fulani bin fulani kuwa ndiye aliyefanya ni jambo jingine. La pili ni tuhuma isiyo na ushahidi, nayo ni dhambi. Maradhi ambayo huja na kuondoka bila alama, tena huzidi mtu akiwa na huzuni, ni rahisi mno kuyapachika jina la mtu. Twajua udugu uliokatika na ndoa zilizoyumba kwa neno la mganga aliyetaka kuku mweusi na fedha.

Mwislamu asome ruqya, amwombe Mola wake, na ameze dawa yake. Haya hayapingani. Tumefundishwa kwamba kila maradhi yameteremshiwa dawa yake, na kutafuta dawa ni katika kutawakali. Habba sauda na asali ni chakula chenye baraka, lakini zisichukue mahali pa vidonge vilivyoandikwa na tabibu.

Tiba: kila siku, hata siku isiyo na mwasho

Sasa tumefika kwenye kiini cha maneno yetu. Dawa ya msingi ya mabaka sugu ni vidonge vinavyozuia histamini. Dawa ya kwanza ya aina hii ilipatikana mwaka 1937 katika kazi ya Daniel Bovet mjini Paris, naye akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1957. Vya zamani, kama klorofeniramini ambayo wengi huijua kwa jina la Piriton, huleta usingizi, hupunguza umakini, na muda wake ni mfupi. Vya kisasa, kama setirizini, loratadini na feksofenadini, usingizi wake ni mchache au hauna kabisa, na kidonge kimoja huenda takriban siku nzima. Vyapatikana katika maduka ya dawa, na setirizini na loratadini bei yake si kubwa.

Kosa ambalo huwapoteza wengi ni namna ya kuvitumia. Mgonjwa humeza kidonge akiwashwa, akipata nafuu huacha. Kesho mabaka yarudi, ameza tena, na baada ya wiki moja asema dawa haifai. Kidonge hiki ni mlinzi wa mlango: kazi yake ni kuuziba mlango kabla histamini haijaingia. Histamini ikishaingia, mlinzi amechelewa. Kwa hiyo kimezwe kila siku, kwa saa maalumu, mabaka yawepo au yasiwepo, kwa muda atakaousema daktari.

Baada ya wiki mbili mpaka nne, ikiwa nafuu haijatosha, miongozo ya kimataifa yamruhusu daktari kuongeza kipimo cha vidonge hivi vya kisasa hatua kwa hatua, mpaka mara nne ya kipimo cha kawaida kwa mtu mzima. Hili ni la daktari, mgonjwa asijiongezee mwenyewe, na mtoto kipimo chake hufuata uzito wake. Mjamzito na anayenyonyesha pia wana dawa. Loratadini na setirizini ndizo hupendelewa, lakini kwa ushauri wa tabibu.

Wachache ambao vidonge haviwatoshi wana hatua nyingine. Iko sindano iitwayo omalizumabu, iliyoidhinishwa kwa maradhi haya Marekani na Ulaya mwaka 2014. Huishika ile kingamwili IgE, nayo huchomwa chini ya ngozi kila baada ya wiki nne. Ni ghali mno kwa familia nyingi. Baada yake iko siklosporini, inayohitaji kupimwa figo na shinikizo la damu mara kwa mara. Zote mbili ni za daktari bingwa.

Kipo kipimo rahisi cha kujua kama tiba yafanya kazi. Kila jioni, kwa siku saba, mgonjwa hujipa alama mbili. Mabaka: hakuna ni 0, chini ya 20 ni 1, kati ya 20 na 50 ni 2, zaidi ya 50 ni 3. Mwasho: haupo ni 0, mdogo ni 1, wa wastani ni 2, mkali wa kuvuruga usingizi ni 3. Jumla ya wiki huwa kati ya 0 na 42. Mkusudio ni kufika 0. Daktari akiona karatasi hiyo, ataongeza au kupunguza dawa kwa hakika, bila kubahatisha.

Sindano ya nafuu ya siku mbili

Iko sindano ambayo watu huiita ya aleji. Mara nyingi ni steroidi, kama deksamethasoni au haidrokotisoni. Na vidonge vyake ni prednisoloni. Nguvu zake ni za haraka, na hapo ndipo hatari ilipo. Mgonjwa hulala vizuri usiku ule, mabaka hurudi dawa ikiisha, naye hurudi dukani kuchomwa tena. Kwa shambulio kali, daktari aweza kutoa vidonge vya steroidi kwa siku chache, zisizozidi kumi. Kuitumia kwa miezi huongeza sukari na shinikizo la damu, huidhoofisha mifupa, huuvimbisha uso na huiharibu kinga. Aliyeitumia muda mrefu pia asiiache ghafla bila daktari, kwani mwili wake huenda umesahau kutengeneza ya kwake. Krimu za steroidi za kupaka nazo hazina faida kwa mabaka haya, na zikipakwa sana hukondesha ngozi. Losheni ya kalamini yatuliza mwasho, na yatosha.

Alama za hatari

Ulimi au koo likivimba, sauti ikibadilika, pumzi ikibana, kizunguzungu au kuzimia kukitokea, huo si wakati wa kusubiri wala wa kuchemsha majani. Mgonjwa apelekwe hospitali mara moja, usiku au mchana, achomwe adrenalini.

Zipo pia alama zinazotaka daktari, ingawa si kwa kukimbia: baka linalokaa mahali pamoja zaidi ya saa 24, linalouma kuliko kuwasha, au linaloacha doa kama la kupigwa, na mabaka yanayofuatana na homa, kukonda au maumivu ya viungo. Hayo huenda yakawa ni maradhi mengine ya mishipa ya damu.

Kwenda kwa daktari na mambo ya nyumbani

Kwa kuwa mabaka hupotea, mgonjwa hufika zahanati na ngozi safi. Apige picha kwa simu yanapozuka, akiweka saa na tarehe. Mwanamke atosheke na picha za mkono au mguu, na akitaka ahudumiwe na daktari mwanamke, hiyo ni haki yake. Asipopatikana, haja ya matibabu huruhusu kwa kiasi cha haja. Vipimo vya mwanzo ni vichache: hesabu ya chembe za damu, kipimo cha uvimbe mwilini na, panapohitajika, tezi na choo.

Aliye Machakos aanze na zahanati iliyo karibu naye, na asipopata nafuu aombe barua ya rufaa kwenda hospitali ya Level 5 ya Machakos, na kutoka hapo Kenyatta, Nairobi, kwa madaktari bingwa wa ngozi. Madaktari hao ni wachache katika nchi zetu, lakini asidhani ni lazima awe daktari bingwa. Tangu mwaka 1992 kiko kituo cha mafunzo ya maradhi ya ngozi huko Moshi, Tanzania, penye hospitali ya KCMC, ambacho huwafundisha maafisa wa tiba kutoka nchi nyingi za Afrika. Wahudumu wa namna hiyo huyajua maradhi haya vyema.

Katika Ramadhani, kidonge cha mara moja kwa siku hakimzuii mtu kufunga. Kimezwe wakati wa futari au daku, kila siku saa ileile. Kikimletea usingizi, basi baada ya futari ni bora, ili asikose alfajiri. Aliyeongezewa kipimo azungumze na daktari wake kabla ya mwezi kuandama.

Nyumbani, maji ya kuoga yawe vuguvugu, sabuni isiwe kali, dodoki liwekwe kando. Kucha zikatwe. Na familia ijue kwamba mtu asiyelala kwa mwasho huwa mwepesi wa hasira na mzito wa kazi. Mume amsaidie mkewe, na mama mkwe amwonee huruma mwana wa mwenzake. Neno moja la upole usiku wa mwasho lina thawabu zake.

Mwisho tuwape bishara. Karibu nusu ya wagonjwa wa mabaka sugu hupona ndani ya mwaka mmoja. Wengine huchukua miaka mitatu, minne, na wachache zaidi ya mitano, lakini kwa walio wengi maradhi haya hufika kikomo chake. Vidonge haviyaondoi yenyewe. Kazi yake ni kumwezesha mgonjwa kulala, kuswali, kulea na kufanya kazi kwa raha mpaka siku hiyo ifike.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu wote, awape subira wanaowauguza, na azitakase nyoyo zetu na dhana mbaya. Amin. Wallahu aalam.